Lipu ya chokaa au ya saruji? Namna ya kuchagua kwa nyumba za Unguja na Pemba

Ramadhani ikikaribia, waashi hawapatikani. Kila mwenye nyumba anataka kuta zake zizibwe na zipakwe rangi kabla mwezi haujaandama, na karibu kila mahali kazi ni ileile: saruji kipimo kimoja, mchanga vipimo vitano, ukuta unasuguliwa mpaka unang'ara. Kwenye nyumba ya matofali ya Fuoni au Mwanakwerekwe lipu hiyo itakaa miaka. Kwenye nyumba ya mawe ya Malindi au Mkunazini, au mtaa wa zamani wa Wete, masika moja au mbili zinatosha kuifanya ifure, ilie tupu ikigongwa, kisha ibanduke vipande vizima vizima. Fundi hulaumiwa, mchanga hulaumiwa, bahari hulaumiwa. Mara nyingi fundi kafanya kazi safi kabisa juu ya ukuta usiotaka kazi ile.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kupiga lipu mwenyewe, au angalau kujua anachomlipia fundi.

Ukuta umejengwa kwa nini?

Kabla ya kununua chochote, toboa tundu dogo pahala pasipoonekana, nyuma ya kabati au chini ya ngazi, upana inchi mbili na kina inchi mbili. Ukikuta tofali la saruji, la kijivu na lenye sura moja, jibu lako ni saruji na unaweza kuruka nusu ya maelezo haya. Ukikuta jiwe la matumbawe lenye vitundu, limezungukwa na kitu cheupe au chekundu kinachokwanguka kwa ukucha, huo ni ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Kuta za namna hiyo huwa na unene wa nusu mita na zaidi, na ndani yake vimelala vichwa vya boriti za mikoko zilizobeba dari. Huo jibu lake ni chokaa.

Aina ya tatu ni nyumba za zamani za Ng'ambo na za vijijini, za miti na udongo, zilizokandikwa kisha zikavikwa lipu nyembamba. Hapo saruji ndiyo mbaya kuliko kwengine kote, kwa sababu udongo hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, na saruji haifuati. Kandika upya kwa udongo, kisha umalizie kwa chokaa.

Usidanganyike na tundu moja. Nyumba nyingi za mjini zina ukuta wa mbele wa mawe na jiko la nyuma la matofali lililoongezwa baadaye. Toboa kila ukuta unaotaka kuugusa.

Saruji juu ya jiwe: kinachoharibika na sababu yake

Jiwe la matumbawe hunyonya maji, na chokaa nayo hunyonya. Nyumba hizi hazikuwekewa nailoni chini ya ukuta, kwa hiyo unyevu wa ardhini hupanda, kwa kawaida hadi usawa wa kiuno. Juu nako maji ya mvua hupenya penye bati lililotoboka au mfereji ulioziba. Waliojenga walilijua hilo. Ukuta ulikuwa ukilowa na kukauka, unayatoa maji kupitia lipu ya chokaa pande zote mbili, na maisha yanaendelea. Saruji ikipigwa juu yake, njia ya kutokea inakuwa nyembamba mno. Maji hayaishi, yanapanda juu zaidi kutafuta pahala pa kutokea.

Angalia ujia wa nyumba yoyote ya zamani iliyopakwa rangi ya mafuta hadi usawa wa kifua. Nusu ya chini inang'ara, safi. Vidole vinne juu ya mstari wa rangi ndipo ukuta unapomenyeka, una unga mweupe na madoa ya manjano. Wengi huongeza rangi ya mafuta ipande zaidi, na mwaka unaofuata madoa yamehamia juu ya mstari mpya.

Unga ule mweupe ni chumvi, na chumvi ndiyo inayobandua. Maji ya ardhini karibu na pwani yana chumvi, upepo wa baharini unaileta, na mchanga uliochaguliwa vibaya unaiongeza. Maji yanapokauka chumvi hubaki na kuwa fuwele, na fuwele zinapokua zinataka nafasi. Zikikulia nyuma ya saruji ngumu, zinaisukuma itoke. Bisha ukuta kwa kifundo cha kidole: lipu iliyoshika inatoa sauti fupi, nzito, iliyoachana inalia tupu. Chini ya chokaa mambo huenda vingine. Fuwele hukulia ndani ya lipu yenyewe, lipu inakuwa unga taratibu, na jiwe linabaki zima. Baada ya miaka kadhaa unakwangua eneo lililoliwa, unapiga upya. Watu huona huo ni udhaifu wa chokaa, wakati ndiyo kazi yake: iliwe yenyewe, ukuta ubaki.

Hasara kubwa haionekani kwa macho. Udongo mwekundu ulioko kati ya mawe ukikaa na maji miezi na miezi hulainika, na kichwa cha boriti kilichofungiwa ndani ya ukuta unyevu huoza kuanzia kwenye ncha. Chumbani dari inaonekana nzima, huku sentimita kumi za boriti zinazokaa ukutani zimekwisha. Ukiona dari imeshuka upande mmoja karibu na ukuta, au ukuta umetoka tumbo, lipu ya aina yoyote isubiri. Hapo panatakiwa mhandisi na miti ya kuegemezea.

Wanaosema chokaa haiwezi unyevu wakazitazame hamamu za Kidichi, zilizojengwa mwaka 1850 enzi za Seyyid Said. Mapambo ya maua kwenye kuta zake ni ya chokaa, ndani ya jengo la kuogea. Ukungu umeyatia weusi, lakini yapo.

Vitu na vipimo kwa ukuta wa mita 3 kwa 4

Vipimo hivi ni kwa ukuta mmoja wa mita 12 za mraba, ndoo zikiwa za lita 20 na mtu akimwaga kidogo kama kila mtu anavyomwaga.

| | Saruji juu ya tofali | Chokaa juu ya mawe |
|---|---|---|
| Unene | milimita 15, juu ya mkono (tabaka) wa kurusha | milimita 20 hadi 25, mikono mitatu |
| Kinachoshikisha | mifuko 2 ya kilo 50 | ndoo 5 za chokaa iliyozimwa kwa maji, au mifuko 3 ya unga ya kilo 25 |
| Mchanga | ndoo 12 hadi 13 | ndoo 15, na vijiwe vya kujazia |
| Muda wa kuutumia mchanganyiko | saa moja hadi moja na nusu | siku kadhaa, ukifunikwa usikauke |
| Kuupa ukuta maji | siku 7 | siku 4 hadi 7 baada ya kila mkono |
| Mpaka kupaka | wiki 4 | wiki 4 hadi 6 |

Siku ya kununua, saruji ndiyo rahisi: inapatikana kila duka la vifaa, na ukuta unakamilika kwa siku mbili. Chokaa inataka kupangwa mapema na inataka mtu wa kuwepo nyumbani kila siku kuinyunyizia maji. Ukihesabu kupiga lipu mara moja dhidi ya kubandua na kurudia kila baada ya miaka miwili, hesabu inageuka.

Kwa anayejifunza, mstari wa nne wa jedwali una uzito kuliko bei. Saruji haikusubiri. Ukichanganya karai nyingi mno, nusu itakaukia chini huku unahangaika na kona, na wengi huimwagia maji wailainishe tena. Saruji iliyoanza kushika kisha ikaongezwa maji haitashika tena kama ilivyotakiwa. Itamenyeka kwa ukucha. Chokaa ikikaza kwenye karai, unaikanda upya tu bila hata tone la maji, inarudi. Mkono usio na uzoefu unapata nafasi ya kurekebisha.

Mchanga na maji

Hapa chokaa na saruji hazina tofauti. Mchanga wa ufukweni usiuguse: una chumvi, punje zake zimelainishwa na mawimbi hivyo hazishikani, na kila gari linalochukuliwa ni ufukwe unaopungua. Mchanga wa shimo Unguja ni ghali na hauonekani kila siku, kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Jaza chupa ya plastiki nusu kwa mchanga, ongeza maji mpaka karibu na juu, tikisa kwa nguvu, iache saa tatu. Udongo laini utakaa juu ya mchanga kama tabaka. Tabaka likizidi sehemu moja ya kumi na mbili ya urefu wa mchanga, lipu itapasuka nyufa. Uoshe au utafute mwingine. Kisha weka punje kwenye ulimi. Ladha ya chumvi ikiwepo, usichukue.

Kwa mkono wa kwanza mchanga uwe wa kukwaruza, punje kubwa kwa ndogo pamoja. Ule laini wa kupendeza machoni unafaa mkono wa mwisho peke yake.

Maji ya visima vya karibu na pwani mara nyingi yana chumvi. Yasiyofaa kupikia wali hayafai kuchanganyia lipu.

Saruji, hatua kwa hatua

Hii wengi wanaijua, basi nitagusa panapoharibika. Futa vumbi, mwagia tofali maji jioni na tena asubuhi, lipu isinyonywe maji yake. Rusha mkono mwembamba wa saruji kipimo kimoja kwa mchanga viwili, mzito wa kurushika kwa mwiko, uache uso wa vipele bila kusugua. Mkono huu mafundi wa haraka huuruka, na ndiyo sababu lipu hubanduka kwenye nguzo na lenta za zege, ambako uso ni laini. Subiri siku moja ukiulowesha.

Lipu yenyewe ni kimoja kwa vitano. Saruji ya daraja la 32.5 inatosha, 42.5 iachie zege. Piga milimita 12 hadi 15, vuta kwa ubao mrefu ulionyooka, sugua kwa ubao wa kusugulia. Zikitakiwa milimita zaidi ya 20, piga mara mbili kwa siku mbili. Lipu nene ya mara moja hushuka kwa uzito wake, inaacha ufa wa kulala karibu na dari.

Kuna makosa mawili ya kila siku. La kwanza ni kuongeza saruji "iwe imara": kimoja kwa vitatu husinyaa sana na kutoa nyufa za nywele ukuta mzima. La pili ni kunyunyizia unga mkavu wa saruji juu ya lipu mbichi ili ing'are. Ngozi ile itamenyeka pamoja na rangi. Baada ya hapo mwagia maji asubuhi na jioni kwa siku saba, hata kama ukuta unaonekana umekauka na una nguvu. Jua la Kaskazi likiupiga ukuta wa nje, funika kwa magunia yaliyolowa.

Chokaa: kununua isiyo maiti

Nusu ya kazi ya chokaa hufanyika dukani. Kuna vitu vinne vinavyoitwa chokaa, na viwili tu vinakufaa.

Ya kilimo ni jiwe lililosagwa tu. Haijapita motoni, haishiki kitu. Ya kupakia kuta iliyokaa wazi dukani mwaka mzima imeshavuta hewa na kurudi kuwa jiwe la unga, nayo haina kazi. Jaribio lake ni la jikoni: weka kijiko cha unga kwenye kibakuli, kamulia ndimu. Ikitoa povu na kuchemka, imekwisha kufa, iache. Ikikaa kimya au ikitoa viputo vichache tu, ni nzima.

Zinazofaa ni chokaa ya unga ya mfuko, ambayo bado imefungwa vizuri, na chokaa ya mawe yaliyochomwa, bado haijazimwa. Ya unga iloweke kwenye pipa angalau siku moja kabla ya kuitumia; wiki ni bora zaidi. Ya mawe yaliyochomwa inatoa lipu nzuri kuliko zote, lakini ina hatari yake. Jiwe likichomwa hadi nyuzi 900 hivi hupoteza zaidi ya sehemu mbili ya tano ya uzito wake, kwa hiyo kipande kilichoiva ni chepesi mkononi. Kizito kina moyo mbichi.

Kuzima: tia maji kwanza kwenye pipa la chuma, mara tatu ya ujazo wa chokaa, kisha tia vipande kidogo kidogo ukikoroga kwa mti mrefu. Usimwage maji juu ya rundo la chokaa, na usitumie pipa la plastiki, maana litayeyuka. Inachemka kweli, na inaruka. Vaa miwani ya kazi, glavu na mikono mirefu, watoto na mbuzi wawe mbali. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi mfululizo kwa dakika 20 na uende hospitali hata kama maumivu yamepungua. Ikishatulia, ichuje kwa chandarua cha waya na uihifadhi chini ya vidole viwili vya maji. Iache wiki mbili kwa uchache, na miezi mitatu ukiweza. Haraka hapa italipwa baadaye: chembe ambazo hazijazimika zitazimikia ukutani na kutoa vipele vinavyodondoka, kila kimoja na kishimo chake.

Chokaa: ukutani

Ondoa saruji ya zamani kuanzia chini kwenda juu, eneo dogo dogo, kwa patasi na nyundo nyepesi. Ikitoka na mawe, simama. Saruji ile huenda ndiyo inayoushikilia ukuta, na kuuvua wote kwa siku moja ni kujitakia. Kwangua maungio yaliyolainika hadi sentimita mbili ndani. Chumvi nyeupe ipige brashi ikiwa kavu na uizoe kwenye karatasi uitupe. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Ukuta uliolowa sana uache wazi, bila lipu, kiangazi kizima kama subira inakuruhusu. Kwanza ziba chanzo: mfereji, paa, bomba linalovuja, na ile sakafu ya saruji iliyomwagwa uani ikaelekeza maji ya mvua kwenye msingi.

Lowesha ukuta mpaka uache kunywa haraka, lakini usitiririke. Jaza mashimo makubwa kwa vijiwe vilivyozamishwa kwenye mchanganyiko. Usijaribu kujaza shimo la sentimita tano kwa lipu tupu, itapasuka. Mkono wa kwanza: chokaa kipimo kimoja kwa mchanga viwili na nusu, milimita 10, ukisukumwa kwa nguvu uingie kwenye vitundu. Mchanganyiko uwe mkavu kuliko mkono unavyotaka. Ulainishe kwa kuukanda na kuupiga kwa chepe dakika 20, na usishawishike kuongeza maji. Kila kikombe cha ziada ni ufa. Saa chache baadaye, ukianza kukaza, rudi uubane kwa ubao, kisha ukwaruze mistari ya kukatizana mkono wa pili upate pa kushika.

Sasa subiri. Chokaa haikauki tu, inavuta hewa na kurudi kuwa jiwe, na hilo hufanyika ikiwa na unyevunyevu kiasi. Ikikauka kwa siku moja inabaki unga. Tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta, yasiuguse, na nyunyizia ukungu wa maji asubuhi na jioni. Mkono wa pili upige pale ambapo ukucha wa dole gumba hauachi alama, kwa kawaida baada ya wiki moja hadi mbili. Vipimo ni kimoja kwa vitatu, milimita 8 hadi 10. Mkono wa mwisho, kimoja kwa viwili kwa mchanga laini uliochekechwa, hauzidi milimita 3 hadi 5.

Pahala panapopigwa na mvua moja kwa moja, au unapotaka ishike mapema, ongeza unga wa vigae vya vyungu au matofali ya udongo yaliyochomwa kwa moto mdogo, nusu ya kipimo cha chokaa. Unga huo unaifanya chokaa ishike hata penye maji. Ila mchanganyiko huu hauwekeki tena. Tumia siku ileile.

Msimu wa kufaa ni baada ya masika, kuanzia Juni, joto likiwa limepungua. Upepo wa Kusi unakausha, basi magunia ni ya lazima upande wa baharini. Kuanza Machi ni kuipigia mvua lipu.

Kuchanganya zote mbili

Fundi atakwambia tia saruji kidogo kwenye chokaa, "ishike". Konzi moja au mbili za saruji haziongezi nguvu. Zinaharakisha mwanzo, kisha chokaa na saruji hutengana kadiri mchanganyiko unavyokauka na lipu inakuwa dhaifu kuliko chokaa peke yake. Kwenye ukuta wa mawe, kataa.

Kwenye ukuta wa matofali habari ni nyingine. Saruji kimoja, chokaa kimoja, mchanga vipimo sita ni lipu nzuri kuliko ya saruji tupu: inalainika mkononi, haipasuki nyufa za nywele kirahisi, na inahimili upepo wa chumvi. Nyumba mpya za pwani ya mashariki, Paje au Jambiani, zingefaidika nayo kuliko lipu ngumu ya kimoja kwa vinne inayopigwa huko kwa kuamini kwamba ugumu ndiyo uimara.

Pahala penye utata

Choo na bafu ndani ya nyumba ya mawe. Vigae vinataka saruji, ukuta unataka chokaa. Njia salama ni kujenga ukuta mwembamba wa tofali la inchi 4 mbele ya ule wa mawe, uache nafasi ya vidole viwili inayopitisha hewa, na uweke vigae kwenye huo mpya. Nafasi ikiwa ndogo, weka vigae upande wa maji tu na upande wa pili wa ukuta ubaki chokaa.

Chini ya ukuta wa mawe, sentimita 30 za mwanzo zinazorushiwa matope na mvua, watu hupenda kupiga mkanda wa saruji. Mkanda huo huzuia ukuta kukauka mahali unapolowa zaidi. Weka chokaa yenye unga wa vigae vya vyungu na ukubali kuirudia mara kwa mara.

Puti nyeupe ya mfuko na jipsam ni za ukuta mkavu. Ukiwa na shaka, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani na puti itabanduka. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa tu ya chumba, fungua madirisha.

Kama nyumba imo ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, pitia kwanza ofisi ya mamlaka inayousimamia upate kibali, hata kwa lipu ya nje tu.

Rangi ya juu

Rangi inaweza kuharibu chaguo lako lote. Juu ya saruji, subiri wiki nne, kisha rangi ya maji ya kawaida. Juu ya chokaa, paka chokaa: chokaa iliyozimwa, iliyozimuliwa ikawa nyepesi kama tui la pili, juu ya ukuta uliolowa kidogo, mikono minne au mitano myembamba, siku moja kati ya kila mkono. Mkono wa kwanza hauonekani ukiwa mbichi, unajitokeza ukikauka, kwa hiyo usiufanye mzito kwa kukata tamaa. Ukitaka rangi, tumia unga wa udongo wa rangi usiozidi sehemu moja ya kumi ya chokaa. Ukizidi, itatoka na nguo za wageni. Usitie chumvi, ingawa wapo wanaotia: kwenye ukuta wa pwani unaongeza kilekile unachokikimbia. Rangi ya mafuta isiguse lipu ya chokaa popote, hata kwenye ule mkanda wa chini uani wanakocheza watoto. Pale paka chokaa tena kila mwaka baada ya masika. Ndoo moja na asubuhi moja zinatosha.